Kituo cha Kuondokea

Saa nne asubuhi, Nachingwea, umeme umerudi.
Mashine ya fotokopi inakohoa kabla ya kuamka.
Bi Somoe Likwata anaingia na kitambulisho ndani ya mfuko wa sukari,
anakiweka kaunta, kifudifudi,
kama mtu anayeshusha karata ya mwisho.

"Nikatie tiketi ya treni. Binti yangu
anavishwa joho Dodoma, Ijumaa."

Nafungua simu. Duara linazunguka,
linazunguka.
Mtandao wa huku una mambo yake:
ukiufuata mlangoni unakuja,
ukirudi kitini unasusa.
Tunatoka wote barazani, mkono wangu juu
kama ninayemwomba mwalimu ruhusa.

Kituo cha kuondokea? inauliza simu.
"Andika Nachingwea," anasema.

Hakipo, mama. Kuna Dar es Salaam, kuna Pugu,
Soga, Ruvu, Morogoro, Kilosa...
"Pandisha juu. Shusha. Tafuta vizuri."
Natafuta vizuri. Naandika herufi moja moja,
na simu, kwa adabu yake ya kimashine, inajibu:
Hakuna kituo kilichopatikana.

Hapo anacheka, wala hanicheki mimi.
"Kilikuwepo. Nilizaliwa kimeshang'olewa,
lakini baba alibeba mataruma ya reli hiyo,
na bega lake la kulia lilikaa chini ya la kushoto
mpaka tunamzika.
Karanga zikagoma, wenye reli wakakunja reli yao
kama mkeka baada ya maulidi."

Kipande kimoja walikisahau. Nakijua.
Kinaning'inia kwenye mkorosho wa shule ya msingi;
darasa la sita mgonga kengele nilikuwa mimi,
kwa nati ya trekta, kila saa mbili kasoro robo.
Kumbe miaka ile yote
nilikuwa naita treni.

Basi itabidi aanze na gari la alfajiri,
Masasi kwa upande huu au Lindi kwa upande ule, vyovyote,
saa kumi za vumbi na lami mpaka Dar,
halafu ndipo, kwa mujibu wa simu, aondoke.

Namba ya malipo inaingia. Analipa kwa kitochi chake
kilichofungwa mpira wa madaftari,
akinipa mgongo anapobonyeza namba ya siri,
midomo ikiitaja kwa sauti.
Nimeisikia. Nimeshaisahau.

Tiketi inakuja: mraba wa madoa meusi,
ukili uliosukwa na mtu mwenye hasira.
"Ndiyo hii? Kiti kiko wapi humu?"
Behewa la nne, kiti ishirini na saba, dirishani.
"Mimi sioni dirisha."

Kitochi hakipokei picha. Tunautuma mraba
kwa simu ya Chande, mpwa wake anayemsindikiza,
na kioo cha Chande kimepasuka,
ufa umekatiza katikati ya madoa
kama njia ya ng'ombe shambani.
Nauongeza mwanga. Naukuza. Naogopa.
Nachapa na karatasi, kwa tahadhari; mia tano.
"Ipi ya kweli?"
Zote. Ila moja ikisomwa, nyingine inakufa.

Karatasi anaipiga fundo pembeni ya khanga.
Simu anaamuru izimwe mpaka Dar:
"Ile chaji ya nini? Madoa hayaozi."

Alhamisi jioni nafunga duka. Ujumbe,
umeandikwa na Chande, sauti ni ya shangazi yake:

Kijana wa getini kaelekeza kimashine, kimelia tii.
Ufa haukuleta neno.
Korosho zako za asante nimezisahau kwenye basi.
Reli nimeichungulia.
Nene kuliko kengele yetu.